Elfu Mbili za Uzeeni

Mama yangu hufika Carrollton na barua ya benki, kila baada ya miezi mitatu. Nikishaweka bahasha mezani namsikia akikohoa kule koridoni, kile kikohozi chake cha kujulisha watu kwamba amefika. Mume wangu Nyaga huniambia ni mashine ya hewa. Sijawahi kusikia mashine ya hewa inayokohoa Kiembu.

Kwetu Embu nilikuwa nesi. Hapa Texas viza yangu ni ya mke wa mfanyakazi, hainiruhusu hata kuosha vyombo vya watu kwa malipo. Februari ya 1999 Nyaga akaniletea fomu. Sheria, alisema, inamruhusu mume mwenye mshahara kumwekea mkewe asiye na kazi akiba ya uzeeni, kwa jina la mke mwenyewe. Dola elfu mbili. Nikacheka kwa hasira: pensheni ya kukaa kitako! Nikatia sahihi.

Mwezi wa tatu Mama akapiga simu kutoka kwa jirani. Alikuwa na uvimbe tumboni, na hospitali ilitaka shilingi elfu themanini, hazifiki dola elfu moja na mia tatu, kabla ya kumpasua. Nyaga alikuwa ametoka kumlipa wakili wa makaratasi yetu, mfukoni hakuna kitu.

"Na wewe, huna chochote chako mwenyewe?" Mama akaniuliza.

"Sina, Mama. Huku sifanyi kazi."

"Basi usijali, mwanangu. Mungu atafungua njia."

Sikudhani ninamdanganya. Baba yangu alikatwa mshahara kwa ajili ya pensheni miaka ishirini na sita, akaifuata Nairobi mpaka viatu vikaisha soli, akafa hajaiona. Kwa hiyo nilijua: pesa ya uzeeni ikishaingia, haitoki. Sikuiuliza benki. Nyaga naye hakuiuliza, maana baba yake alizungushwa vilevile. Mama alifariki tarehe mbili Aprili, na sikwenda kumzika kwa sababu muhuri wa viza ulikuwa umekwisha, ningefungiwa nje.

Juni tulikwenda kwenye ubatizo Missouri City, upande wa Houston. Celestine, anayewajazia Wakenya fomu za kodi, akatupa pole ya msiba, nami nikamweleza yote. Akaweka sahani chini.

"Lakini Wawira, hiyo ungei-withdraw tu. Before April fifteen, siku ya mwisho ya kodi, hawangekukata penalty kwa hiyo elfu mbili. Ni simu moja."

"Simu moja?"

"Moja tu."

Majuto ni mjukuu, husema watu. Yangu yalikuja na sauti ya bibi yake, kikohozi cha Mama. Nilimchukia Nyaga kwa kuniletea ile fomu, kisha nikajichukia zaidi, kwa kuwa jina lililoandikwa ni langu.

Mwaka mzima Mama amekohoa. Wiki iliyopita barua ilipofika, nilichukua simu nikapiga benki.

"Sasa watakukata ten percent," Nyaga akasema taratibu, "na yeye ameshaenda."

"Wakate."

Binti wa benki alikuwa mpole. Aliniuliza jina, namba, tarehe ya kuzaliwa, halafu sababu ya kutoa pesa mapema.

"Matibabu," nikasema.

"Ya nani?"

"Ya mama yangu."

"Pole sana. Anaendeleaje?"

"Anangoja," nikamwambia.