Bega la Voss

Thurman Gaddis alifundisha mpira wa Kimarekani, ule wa kurushwa kwa mkono, katika sekondari ya Corley Springs, Alabama, mpaka magoti yakamkatalia. Tangu astaafu, kila mwisho wa mwaka, vyuo vilivyobaki vikiisubiri nusu fainali, redio ya mji ilimwita asubuhi aje atabiri. Hakuwa mtu wa mbwembwe. Alisema fulani atashinda, akaeleza kwa nini, kisha akaenda zake kunywa kahawa. Mara nyingi alipatia, na hata alipokosea watu walimsamehe, kwa sababu alikosea kwa sauti ile ile ya utulivu.

Mwaka huo mambo yalikuja na mkorogo wake. Nusu fainali ya kwanza haikumuumiza kichwa mtu. Ya pili iliwakutanisha Korongo, timu ya Chuo cha Ashby, na Dubu, timu ya Chuo cha Brandvold. Ashby kiko karibu na Corley Springs, na nusu ya mji ilisoma pale, au ilijidai kusoma pale. Brandvold kiko mbali kaskazini, Minnesota, kwenye theluji. Lakini kocha wa warushaji wa Dubu alikuwa Joel Sandvik, na Joel ndiye aliyemuoa Corinne, mtoto pekee wa Thurman. Kwa hiyo kabla hata Krismasi haijapita, watu wa mji walishaanza kumtazama Thurman kwa jicho la pembeni.

Yeye mwenyewe alishaamua. Dubu wangeshinda. Walikuwa na Keaton Voss, mrushaji ambaye mpira ukifika mikononi mwake unajua wenyewe pa kwenda. Thurman alipanga kusema hivyo, atukanwe siku mbili tatu, yaishe.

Jumanne baada ya Krismasi, Corinne alipiga simu. Nadine, mke wa Thurman, alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Corinne alisema theluji imefika madirishani. Alisema Joel hurudi mkewe ameshalala na kuondoka mkewe hajaamka. Alisema anapanga vitu kwenye masanduku, na akauliza kama siku ya mwaka mpya watakuwepo nyumbani. Thurman aliitikia hili na lile, jicho likiwa kwenye runinga. Kisha akasikia jambo lililomfanya aizime.

"Hata tukikaa mezani haongei," Corinne alisema. "Akifungua mdomo ni bega la Voss. Voss hawezi kuinua mkono kupita sikio, na wanaficha, na mimi naambiwa nisimwambie mtu, kama vile nina mtu wa kumwambia."

"Bega gani?" Thurman aliuliza. "La kulia au la kushoto?"

"La kulia, Baba," alisema Corinne. Kisha akasema amechoka, akamwomba amsalimie mama, akakata.

Nadine aliporudi akauliza Corinne anasemaje. Thurman alisema hajambo, anasalimia.

Usiku huo na siku iliyofuata hakupata raha. Voss alirusha kwa mkono wa kulia. Kama bega limeharibika, Dubu wamekwisha, na Ashby watapita bila jasho. Lakini akitamka Ashby redioni, kila mtu atamuuliza kilichombadilisha ni nini, naye ni mtu wa kueleza sababu. Akiitaja, amemchoma mkwe wake na kumfanya binti yake msaliti. Akitamka Dubu, kama alivyokusudia mwanzo, atakuwa anawadanganya watu waliomwamini miaka yote, tena anajua kwamba anawadanganya. Alijaribu kusahau alichosikia, lakini sikio halina mlango.

Jumatano adhuhuri simu ililia tena. Alikuwa Joel. Joel hakuwa mtu wa kupiga simu. Tangu aoe, mazungumzo yao yote yalikuwa juu ya mpira, tena mkewe akiwa katikati.

Walijuliana hali. Joel akauliza hali ya hewa ya Alabama. Kisha akauliza, polepole, "Corinne alikupigia jana?"

"Alipiga."

"Alikwambia nini?"

Thurman alishtuka. Amejua, aliwaza. Amejua kwamba siri imetoka. "Tulizungumza tu," alisema. "Mambo ya nyumbani."

Joel alianza neno, akaliacha. Halafu akasema, "Voss anarusha vizuri sana, Mzee. Nilitaka ujue hilo. Hajawahi kurusha vizuri hivi."

Baada ya simu hiyo Thurman ndiye aliyebaki hajui kichwa wala mkia. Kama bega ni zima, Corinne aliitoa wapi habari ile? Na kama ni bovu, kwa nini Joel ampigie kumwambia ni zima? Labda anamlinda mchezaji wake. Au labda Joel alimlisha mkewe habari ya uongo kwa makusudi, akijua mke atamwambia baba na baba atasema redioni, ili Ashby waje uwanjani wamelala. Kisha akapiga simu ya kukanusha, ili Thurman azidi kuamini. Aliwaza hivyo, akaona ni upuuzi, akarudi kuwaza hivyo hivyo. Jioni runinga ilionyesha mazoezi ya Dubu. Voss alirusha mara tatu, zote fupi, zote chini. Mrushaji mzima hurusha hivyo akipasha misuli. Mgonjwa naye hurusha hivyo hivyo.

Alhamisi asubuhi, kabla ya redio, alipita mkahawani kwa Odell Pettway kama kawaida. Odell alimwekea kahawa na mkate wenye mchuzi wa nyama, akakataa kumtazama usoni. Lamar Stoddard, kinyozi, alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote.

"Haya, Kocha," Lamar alisema. "Leo unatuambia ukweli, au unatuambia ya mkweo?"

"Mwache ale," Odell alisema.

"Namwacha. Nauliza tu. Mtu akiozesha binti kaskazini, hata ulimi huhamia huko."

Waliokuwepo walicheka, na Thurman akacheka nao, ila mkate akausogeza kando. Alitamani kuwauliza. Walikuwa watu aliokaa nao umri mzima, na wangemwambia la kufanya kabla kahawa haijapoa. Lakini kumwambia Lamar siri ni sawa na kuipigia kengele ya kanisa.

Redioni Earlene Pruitt, mtangazaji wa asubuhi, alimkaribisha kama kila mwaka. Alianza na nusu fainali ya kwanza. Thurman aliijibu bila kufikiri, akataja mshindi na hata tofauti ya alama. Alijisikia kama mtu anayesoma maneno ya mwingine.

"Na sasa ile tunayoisubiri sote," Earlene alisema. "Korongo au Dubu, Kocha?"

Thurman alifungua mdomo. Jina la Dubu lilikuja mpaka kwenye meno, likarudi. La Ashby likaja, likarudi. Earlene alimtazama, akasogeza kipaza sauti karibu naye.

"Sijui," Thurman alisema.

"Hujui nini, Kocha?"

"Sijui nani atashinda. Nimejaribu kujua, nimeshindwa. Samahanini."

Earlene alikuwa mzoefu, lakini ilibidi aweke wimbo. Simu za redio hazikupumzika mpaka mchana. Wapo waliosema Kocha amezeeka. Wapo waliosema anajua Ashby watafungwa na anaona huruma kusema. Lamar alitangaza kinyozini kwake kwamba ile "sijui" ni fumbo, maana yake Ashby, na kwamba mkwe ndiye aliyemziba mdomo. Thurman aliyasikia yote, na ajabu ni kwamba kila moja alipolisikia aliliona lina ukweli ndani yake.

Siku ya mwaka mpya Nadine alipika kunde na sukuma wiki kwa nyama ya nguruwe, kama ilivyo ada ya huko ya kuvuta neema ya mwaka, wakaketi wawili mbele ya runinga. Nusu fainali ya kwanza iliisha vile vile alivyosema, mpaka tofauti ya alama. Hakuona raha yoyote.

Mechi ya pili ilipoanza, Voss alirusha chini. Mpira ulianguka miguuni mwa wenzake mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Korongo walifunga, wakafunga tena. Mji mzima ulisikika ukipiga honi nje.

"Ni bega," Thurman alisema kwa sauti, pasipo kukusudia.

Nadine aligeuka. "Bega gani?"

Ndipo akamweleza. Aliona afueni kusema, akaeleza yote, simu ya Corinne, simu ya Joel, mpaka ile dhana yake ya mtego. Nadine alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akachukua kidhibiti, akaizima sauti ya runinga.

"Nini kingine alisema?"

"Nani?"

"Mwanangu, Thurman. Nini kingine alisema?"

Thurman alijaribu kukumbuka. "Theluji. Kwamba Joel anachelewa. Kwamba yuko na masanduku."

"Masanduku ya nini?"

"Ya vitu. Anapanga vitu."

"Anapanga, au anafungasha?"

Thurman alilitafuta jibu kwenye simu ile yote na hakulipata, maana kuanzia pale Corinne alipotaja bega hakusikia kingine, na kabla ya pale hakuwa anasikiliza. Nadine aliinuka, akachukua simu, akaingia jikoni na kufunga mlango.

Mpira uliendelea bila sauti. Kipindi cha pili Voss alirudi uwanjani, akashika mpira, akanyanyua mkono juu kabisa, kupita sikio, kupita kofia, akaurusha umbali ambao Thurman hakuwahi kuona mtu akirusha. Akarudia tena na tena. Dubu walisawazisha, wakapita, wakashinda. Huko nje honi zilinyamaza moja moja. Thurman aliangalia marudio, akatafuta kwenye ule mkono dalili ya maumivu. Kuna mrusho aliona imo. Kwenye mrusho ule ule, ukirudiwa, aliona haimo.

Nadine alitoka jikoni macho mekundu. Corinne alikuwa ameondoka nyumbani kwake tangu Jumatano asubuhi, yuko kwa mfanyakazi mwenzake. Jumanne alipiga simu kuomba aje.

"Kuomba?" Thurman alisema. "Kwani hapa anaomba?"

"Alisema ulimuuliza ni bega lipi. Akashindwa kuendelea."

Thurman alimpigia Corinne mwenyewe baadaye. Alisema samahani kabla hata ya salamu. Corinne alilia kidogo, na baba yake akangoja, kwa mara ya kwanza bila kujaribu kuwahi jambo. Mwisho Corinne mwenyewe ndiye aliyelitaja bega.

"Unataka kujua kama ilikuwa kweli."

"Hapana," Thurman alisema. Kisha akasema, "Ndiyo. Lakini si lazima."

"Mimi pia sijui, Baba. Ndiyo aliyoniambia. Siku hizi sijui lipi analosema ni kweli na lipi analisema ili tusiongee lingine."

Thurman na Nadine walikwenda Minnesota na gari lao la mizigo kumchukua Corinne, wakibadilishana usukani. Waliyakuta masanduku yamepangwa ukumbini, na Joel yupo, amefika asubuhi, ataondoka jioni kwenda kujiandaa na fainali. Alikuwa amekonda. Alibeba masanduku pamoja na Thurman, mpaka walipofika kwenye lile la mwisho.

"Siku ile nilipokupigia," Joel alisema, "nilitaka kukuuliza kama alikwambia kwamba anaondoka. Nilirudi nikakuta kabati wazi. Wewe ukasema mambo ya nyumbani, nikaona aibu, nikaongea mpira."

Thurman alimtazama. Uso wa Joel ulikuwa uso wa mtu asemaye kweli, lakini hata wiki iliyopita angeapa kwamba anajua kuzisoma nyuso. Alimwambia ale, asipungue zaidi. Corinne alimuaga mumewe mlangoni, wakashikana mikono kwa muda mrefu kuliko watu wanaoachana, na kwa muda mfupi kuliko wanaorudiana.

Dubu walifungwa kwenye fainali. Februari Joel alikuja Alabama, akakaa siku kadhaa, akaondoka peke yake. Machi akaja tena. Corinne alipata kazi zahanati ya mjini, na jioni, mumewe akiwepo, hukaa naye barazani wakiongea kwa sauti ya chini, mara anacheka, mara anaingia ndani na kufunga mlango wa chumba. Siku moja Thurman alimuuliza Nadine, hawa watu ni nini sasa, wamerudiana au wameachana?

"Hata wao hawajui," Nadine alisema, akimkabidhi sahani mbili. "Wapelekee chakula."

Thurman alizipeleka. Joel alisogea kumpisha, Corinne akamvutia kiti, na baba akaketi kati yao, hajui kama amekuja wakati mzuri au mbaya. Akamuuliza bintiye siku yake ilikuwaje, kisha akakaa kusikiliza.