Gari la Mufilisi

Mektrida hakupenda kusikia watu wakisema eti alifilisika kwa bahati mbaya. Wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua kahawa, aliliacha duka lake la vitenge mjini Moshi, akawa anapanda Mwika, mlimani Kilimanjaro, na pikapu kununua kwa wakulima. Misimu miwili ilimnyookea. Wa tatu akakopa benki, akakopa na kwa Mzee Rajendra, muuzaji wa jumla aliyekuwa akimpa vitenge tangu afiwe na mumewe. Akajaza ghala, akakaa akisubiri bei ipande zaidi. Bei ikaporomoka. Alipouza, hakupata hata nusu ya deni la benki.

Shemeji yake Basili, mdogo wa marehemu mumewe Valerian, alifika nyumbani kwake Rau mara tu aliposikia. Alimaliza bakuli mbili za mtori wa ndizi ndipo akafungua mdomo.

"Shemeji, mahakama itakomba kila kitu. Pikapu tuiandike jina langu. Mambo yakitulia, nakurudishia."

Mektrida alikuwa amechoka. Akasaini.

Wadai walipozidi kumgombania, alikwenda mwenyewe mahakamani kuomba atangazwe mufilisi. Ofisa aliyekabidhiwa mali zake, mama mmoja mpole, alimweleza pole pole.

"Ulicho nacho kitauzwa, wadai wako wagawane. Kitanda, nguo, vyombo vya kupikia, hivyo hatugusi. Ukiwa mkweli, siku moja mahakama itakufungua, na madeni yatakayobaki yatafutwa. Ukificha kitu, hufunguliwi. Na jela ipo. Una kingine?"

"Sina," alisema Mektrida.

Vitu vyake vikanadiwa uani. Wanawake alioimba nao kwaya walikuja kubonyeza makochi yake kama wanaochagua parachichi. Mwanamume mmoja alifungua friji, akaingiza kichwa na kunusa, akakunja uso, kisha akalinunua. Yuditha, mke wa Basili, alilichukua kabati la vyombo kwa bei ya kutupa. "Afadhali libaki kwenye ukoo," alisema, akicheka.

Muda si mrefu, bintiye Gladness akashikwa na malaria, akawa anatetemeka hadi meno yanagongana. Mektrida alikimbia kwa Basili kuomba ampeleke mtoto hospitali. Alimkuta akiisugua pikapu. Kwenye kipaji cha gari alikuwa ameandikisha ASANTE MUNGU kwa rangi nyekundu.

"Gari langu linakwenda Sanya Juu kuchukua mahindi," alisema bila kugeuka. "Labda uweke mafuta, shemeji."

Gari langu. Mektrida alimtazama shingo iliyonenepa, akageuka. Alimbeba Gladness mgongoni mpaka barabarani, na msamaria mmoja akawapakia.

Mtoto alipopata nafuu, alirudi kwa yule ofisa akamweleza habari za pikapu. Ofisa akasema, "Utayasema hayo mbele ya jaji."

Habari zikamfikia Basili. Jioni ya kuamkia siku ya mahakama alikuja na mkewe, ameshika jani la sale. Huko mlimani, akuleteaye sale anaomba msamaha, na kulikataa ni aibu isiyosahaulika.

"Nimekuletea sale, shemeji. Yaishe."

"Unaomba msamaha wa kosa gani?"

"Yote."

"Litaje, Basili."

Basili alitazama chini. "Mbona unakuwa mgumu? Kesho useme tu kwamba uliniuzia gari. Basi."

Mektrida aliliangalia lile jani, la kijani, limefutwa vumbi vizuri. "Umelichuma wapi?"

"Kihambani, shambani kwetu."

"Kaburini kwa Valerian?"

Basili akalishusha jani. Sale la pale kaburini Mektrida alikuwa amelipanda kwa mikono yake mwenyewe wiki waliyomzika mumewe.

"Toka nalo," alisema. "Lisiguse meza yangu."

Mbele ya jaji hakuzunguka. "Nilimwandikia shemeji gari langu ili wadai wasilipate. Hakunilipa hata shilingi." Jaji alimkemea vikali, akaagiza asifunguliwe mapema. Mektrida hakulalamika. Alijichukia hata yeye, kwani hakuna aliyemshika mkono siku ile aliposaini. Pikapu ikanyang'anywa, ikauzwa, wadai wakagawana. Ukoo nao ukamtenga. Wakamwita mwanamke aliyekataa sale.

Hatimaye mahakama ilipomfungua, alikwenda dukani kwa Rajendra.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Gladness. Mahakama imekusamehe. Mimi bado. Lete taslimu, chukua mali."

Akaanza na vitenge vitatu vya taslimu, akavitembeza Rau nyumba hadi nyumba. Akauza, akarudi, akachukua vingine. Ilipita zaidi ya miezi sita ndipo Rajendra akamsukumia bunda zima juu ya kaunta.

"Mali kauli. Utalipa Ijumaa."

Mektrida alisoma bei. "Mbona kubwa kuliko ya wenzangu?"

"Wenzako hawajanipotezea pesa. Ile pikapu ilinirudishia kidogo. Kidogo sana."

Neno hilo lilimchoma. Alitamani kumrushia bunda lake. Badala yake alilibeba, na Alhamisi akaleta fedha zote. Alifanya hivyo kila alipopewa, hata wiki ambazo yeye na Gladness walikula ndizi bila nyama. Bei ikashuka, ikashuka tena, mpaka mwaka ulipoisha akawa ananunua sawa na wengine, na Rajendra akakubali kumdhamini apate kibanda sokoni.

Habari za kibanda zikapanda mlima haraka. Krismasi hiyo ukoo ukamwalika Mwika, kana kwamba hapakuwa na lolote. Basili mwenyewe alimkatia nyama, akachagua kipande cha mafuta, akamletea kwa mikono miwili.

"Karibu, shemeji. Tunasikia unaendelea vizuri. Na huyo Mhindi wako anakusikiliza, eh? Ungeniombea na mimi mali kidogo."

Mektrida alipokea sahani kwa sababu wazee walikuwa wanatazama. Akakaa nayo mapajani mpaka mafuta yakaganda meupe. Kisha akaiweka chini, akamwita Gladness, akaaga wazee mmoja mmoja, na wakaanza kushuka kuelekea barabarani.