Grisi ya Kiwandani

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, mlinzi wa chemchemi alitandika magazeti mezani akailaza juu yake bunduki mpya aliyopewa na kampuni. Ilikuwa ya komeo, ile ya kuvuta na kusukuma kwa mkono kila unapotaka kupiga, na bado ilikuwa imetapakaa grisi ya kiwandani, nzito, rangi ya asali iliyoungua. Msimamizi alimwambia akaisafishe nyumbani, kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha stoo, na Jumatatu asimame nayo kwenye uzio. Watu walikuwa wamekata waya tena ili wateke maji.

Mkewe alichana shuka kuukuu, akamsogezea matambara.

"Imepakwa mafuta kuliko bibi harusi," alisema.

"Na mahari yake sijui atalipa nani," mumewe akajibu, wakacheka.

Alichomoa komeo akalitumbukiza kwenye bakuli la mafuta ya taa, kisha akafunga kitambaa kwenye ufito na kuusukuma ndani ya mtutu. Kitambaa kilitoka cheusi. Akasukuma kingine, na kingine. Kilipotoka cheupe, aliinua bunduki akachungulia kuelekea dirishani, aone kama mtutu umetakata. Upande wa pili aliona jicho.

Aliishusha. Nje ya dirisha alisimama mwanamume wa makamo, ameinama kidogo kama mtu anayetafuta nyumba aliyoelekezwa.

"Hodi hapa."

"Karibu, mlango uko wazi," mke aliitikia.

Mgeni alivua viatu, akaingia, akakaa. Alikuwa na tundu kifuani, chini ya bega la kushoto, na kupitia tundu hilo ilionekana saa ya ukutani ikienda. Mke alimwomba avue shati amshonee.

"Usijisumbue, shemeji. Hata ukiziba shati, mimi mwenyewe nitabaki hivihivi." Akaitazama meza. "Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii," alisema mlinzi.

Walimpa chai. Aliinywa kwa adabu, nayo ikamchuruzika mgongoni mpaka sakafuni. Mke alipiga deki kimya, mgeni asije akaona haya. Kikombe kilipokwisha, mgeni aliomba tambara, akaanza kufuta pale risasi inapolala, kwa ncha ya kidole.

"Hapa ndipo grisi hujificha," alisema. "Nasikia ikibaki, risasi inaweza kwenda kombo. Sitaki ya tumbo, kaka. Ya tumbo inachelewa."

Mlinzi alimpisha nafasi afute vizuri.

"Utakuwa umefanya nini?"

"Nitakuwa nateka maji."

"Si ukateke kwingine?"

"Wapi?"

Mlinzi alifikiri. Kampuni ilikuwa imezungushia waya chemchemi yote na kijito chake mpaka kinapoingia bondeni. Alichukua tambara jingine akaendelea na kitako. Walifanya kazi bega kwa bega mpaka bunduki ikang'aa, ndipo mgeni akanawa, akashukuru kwa chai na kuaga.

Usiku ule mlinzi hakulala, wala mkewe, na kila mmoja alijua mwenzake yu macho. Jumatatu akaipeleka bunduki ofisini.

"Hii siiwezi," alimwambia msimamizi. "Mwenyewe amekuja nyumbani."

"Huja wote," alisema msimamizi, akitafuta kalamu yake. "Wa bunduki ya uzio wa juu alikuja na mtoto mgongoni. Huyo wako mlimpa kitu?"

"Chai."

"Basi mmefanya uungwana. Nyumba ya kampuni uiache leo. Yuko mwenzako hapo nje anasubiri kazi."

Mwenzake aliingia, akavuta komeo, akalisukuma. Lilikwenda kama maji.

"Aliyeisafisha ana mkono," alisema kwa furaha, na mlinzi, asijue la kufanya, akaitikia asante.

Mlinzi na mkewe walihamia chumba cha kupanga chini ya kilima cha chemchemi, mume akapata kibarua cha kubeba matofali. Alikuwa huko, mchana wa jua kali, aliposikia mlio mmoja tu. Mafundi hawakuinua vichwa. Alishusha matofali akapanda kilima. Yule mgeni alikuwa amelala kando ya waya, uso umetulia. Risasi haikwenda kombo. Mlinzi alimshika mabegani, wengine miguuni, wakamteremsha.

Walimzika siku ya pili yake. Watu walipoanza kutawanyika kaburini, mjane alimsogelea.

"Wewe ndiye wa ile nyumba ya kampuni?"

"Ndimi, dada. Bunduki ile niliisafisha mimi."

"Najua. Alinisimulia jioni ileile." Alikuwa akikung'uta udongo kwenye nguo yake. "Alisema mlimkaribisha vizuri."

Mikono ya mlinzi, kama ya wachimbaji wote, ilikuwa imejaa udongo wa kaburi, na mtu mmoja akauliza maji ya kunawa yako wapi. Hayakuwapo. Vijana wawili na mama mmoja wakaokota madumu, wakashika njia ya kilimani.