Nani Yuko Chini ya Meza?

Jumanne moja, saa nne asubuhi, Fundi alikuwa akishona kifungo cha mwisho kwenye shati la shule alipohisi magoti yake yamegusa sakafu ya nyumba ya watu. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mbele ya cherehani yake, na magoti alikuwa nayo. Hata hivyo yalikuwa kwenye vigae vya baridi, vigae vya watu wenye uwezo, vilivyodekiwa asubuhi ileile. Akamaliza kifungo, akakata uzi kwa meno.

Kufikia saa sita magoti yalikuwa yameshapita kwenye zulia, kwenye saruji yenye mchanga na kwenye mkeka uliochakaa. Fundi akajipaka dawa ya kuchua, akaendelea na kola. Hakuhitaji kuelezwa kitu. Magoti hayo yalikuwa yamefanya kazi hiyo kwa miaka kumi na moja.

Zamani, televisheni ilipokuwa moja mtaa mzima, kulikuwa na kipindi cha watoto cha saa kumi jioni. Mdogo wake Fundi ndiye aliyekaa nyuma ya meza yenye kitambaa cha maua, akitabasamu, na watu wote wakamwita Shangazi Saa Kumi. Juu ya meza alikaa Pimbi, kikaragosi cha kijivu kilichokatwa kwenye koti la marehemu baba yao, jicho moja kifungo cha koti, la pili kifungo cha sare ya shule. Fundi ndiye aliyemshona. Fundi ndiye aliyepiga magoti chini ya meza, mkono wa kulia ndani ya Pimbi, akimsemea kwa sauti ya puani. Ishara ya kuanza ilikuwa kisigino cha mdogo wake, kikigonga sakafu mara mbili. Katika miaka hiyo yote Fundi hakuona kipindi hata kimoja. Aliona viatu. Anavikumbuka vyote, hasa vile vyekundu vya ngozi laini, kwa sababu siku mdogo wake alipovivaa yeye alikuwa peku kama siku zote, ili asije akafanya kelele.

Mwisho wa kipindi haukubadilika. Pimbi aliuliza, "Nani yuko chini ya meza?" Shangazi na watoto waliojaa studio wakaitikia kwa pamoja, "Hakuna mtu!" Pimbi akainamisha kichwa mara tatu kukubali, wimbo ukaanza. Wakubwa wa kituo ndio waliotaka hivyo, watoto waamini kwamba Pimbi yu hai. Kwa sababu hiyohiyo jina la Fundi halikuandikwa popote, na alitoka kwa mlango wa nyuma watoto wakishaondoka.

Tuseme ukweli, Fundi alikuwa na wivu. Si ule wa siku moja mbili, wa kuona gauni la mwenzako ukanuna, kesho umesahau. Kilikuwa kijiba cha roho, alikula nacho na kulala nacho. Mdogo wake aliposimamishwa sokoni apigwe picha, Fundi ndiye aliyeshikishwa mfuko wa vitunguu. Aliwahi kumwonea wivu hata mafua, maana mdogo mtu akiugua watu walituma kadi. Na alimpenda, hilo nalo lisemwe, jambo ambalo lilimkera zaidi.

Sasa vijana wawili waliokuzwa na kipindi hicho walikuwa wametengeneza mchezo wa kompyuta wa kutisha. Mchezaji anaamka akiwa mtoto, peke yake, ndani ya studio iliyofungwa zamani. Ili atoke lazima afumbue mafumbo: apange herufi za mbao, arudishe mishale ya saa ya ukutani kwenye saa kumi, amalizie wimbo ambao ubeti wake mmoja umefutwa. Akikosea taa inazimika, na ikiwaka Pimbi amesogea karibu. Watu wazima waliugombania. Inaonekana hata utotoni walikuwa wakimwogopa Pimbi, ila hawakuwa na wa kumwambia.

Shangazi aliwaambia vijana hao kwamba sauti ya Pimbi ilikuwa yake, wakamrekodi siku tatu. Mchezo ulipotoka, sauti hiyo haikusikika. Pimbi alifungua mdomo kwenye kioo, na maneno yakatoka chini ya meza ya mchezaji. Waliochungulia waliona magoti mawili ya mwanamke, sketi ya kazini yenye vipande vya uzi, na mkono wa kulia ulioinuliwa hadi ukapotea ndani ya ubao. Hakuna aliyepiga kelele. Watu walisogeza miguu kumpisha. Mwalimu mmoja wa hesabu alimtupia mto, na alasiri hiyo Fundi akapata nafuu ya saa nzima, akamshukuru Mungu bila kujua amshukuru nani mwingine.

Kilicholalamikiwa ni mlango wa mwisho. Hapo Pimbi anauliza swali lake la zamani, na kila aliyewahi kuwa mtoto anajua jibu. Watu waliandika, "Hakuna mtu." Pimbi alitikisa kichwa kukataa, na mlango ukabaki umefungwa. Ni kweli kwamba wiki hiyo mkasi ulimponyoka Fundi mara kadhaa, kwa kuwa mkono wake wa kulia ulikuwa ukijitikisa wenyewe.

Mmoja wa wale vijana, binti mwenye miwani iliyoungwa kwa gundi, alifika kwenye kibanda cha Fundi na kompyuta yake. Shangazi ndiye aliyemwelekeza. Alikuwa amesema amuulize dada yake, labda kuna mshono umekaa vibaya.

"Shikamoo, mama. Tumekagua kila mahali," binti alisema. "Jibu ni sahihi, ila Pimbi anakataa."

Fundi akapangusa mikono, akavuta kompyuta mbele yake. Pimbi alipouliza, sauti ilitoka kwenye kinywa cha Fundi mwenyewe, puani, kama ilivyokuwa. Kisha akaandika jina lake kwa kidole kimoja, majina yote matatu, polepole, maana hakuwa amezoea kuliandika mahali ambapo litasomwa. Pimbi akainamisha kichwa mara tatu. Mlango ukafunguka.

Binti alitazama mlango, akamtazama Fundi, akavua miwani na kuipangusa. "Kumbe ni wewe," alisema. Halafu akaeleza kwamba Jumamosi saa kumi kuna maonyesho kwenye ukumbi mkubwa, na Shangazi ataumaliza mchezo mbele ya watu wote. Ataombwa alitaje jina hilo. Mwenyewe hatakataa, si ni dada yake?

Mdogo mtu alipiga simu jioni hiyo. Alisema haina shida, dada, nitalitaja, kwani lina uzito gani jina. Fundi alikata simu akalia kidogo, kisha akajishonea gauni la bluu. Kwa siku nne hakuwa na wivu, na hakujua afanye nini na nafasi iliyobaki kifuani.

Jumamosi alikaa safu ya tatu, mkoba mapajani, amevaa viatu vipya vilivyombana. Jukwaani palikuwa na meza yenye kitambaa cha maua, kompyuta, na nyuma yake skrini kubwa kama ukuta. Mdogo wake akaingia. Ukumbi mzima ukasimama, watu wenye mvi wakipiga makofi kama watoto, na Fundi naye akasimama. Alipotaka kukaa, mkoba ndio uliokaa. Yeye alikuwa chini ya meza ya jukwaani, peku, gauni la bluu limekunjamana, mkono juu.

Mbele ya pua yake palikuwa na viatu vya kahawia vyenye vishikizo vya dhahabu. Kisigino kikagonga sakafu mara mbili.

Kwa hiyo mdogo mtu alijua. Fundi akaanza kazi, na mdogo wake akafumbua fumbo moja baada ya jingine kwa madaha yake yaleyale. Katikati ya mchezo mkono wenye pete ulishuka pembeni ya kitambaa na glasi ya maji, kama ulivyoshuka zamani siku za joto. Fundi alikunywa, akairudisha. Alifikiri, sasa atalitaja. Mtu hampi maji mtu ambaye hayupo.

Walipofika mlango wa mwisho, Pimbi aliuliza, "Nani yuko chini ya meza?"

Viatu vya kahawia vilisogea, vikatulia. Juu huko Shangazi alivuta pumzi, na Fundi aliisikia ile pumzi ikitoka na tabasamu ndani yake.

"Jamani, nani yuko chini ya meza?" Shangazi aliwauliza watu.

"Hakuna mtu!" ukumbi mzima uliitikia, na sauti ya mdogo wake ikiwa mbele ya zote.

Fundi alikusudia kukataa. Alikuwa na nguvu za kutosha, na hasira ya kutosha pia. Lakini mkono ulikuwa umesikia sauti hiyo, studioni, miaka kumi na moja. Ukainama mara tatu. Mlango ukafunguka, wimbo ukaanza, watu wakaimba huku wakilia kwa furaha.

Tangu siku hiyo mchezo unamalizika vizuri kwa jibu la zamani, na malalamiko yamekwisha. Binti wa miwani aliahidi kuliweka jina la Fundi kwenye toleo lijalo. Baadaye alieleza kwamba nafasi ilikuwa finyu. Sauti bado inatoka chini ya meza, na wanunuzi wanaisifu kuwa ndiyo sehemu bora. Fundi amejishonea pedi mbili za magoti kwa mabaki ya sare, anazifunga kabla ya kukaa cherehanini.

Jumapili, kesho yake baada ya maonyesho, mdogo wake alikuja kumsalimia, amebeba maua aliyopewa jukwaani, akampa nusu. Alikaa juu ya meza ya kukatia vitambaa, akining'iniza miguu, akasimulia makofi yalivyopigwa.

"Dada, na wewe ulikuwepo," alisema. "Hebu niambie, nilipendeza?"

Fundi alikuwa akitafuta kifungo cha kufanana na vingine kwenye kopo.

"Sijui," alisema. "Niliona viatu."