Mkalimani wa Kesi Yake Mwenyewe

Barua ilikuja Jumanne, na Aila Hakala aliisoma kabla ya mama yake. Ilimchukua muda kuimaliza, kwa maana Aila husoma kama mtu anayevuka ziwa lililoganda asiloliamini: hatua moja, anasita, kisha nyingine. Lakini alifika mwisho, na aliielewa vizuri kuliko walioiandika. Ofisi ya elimu ya wilaya ilikuwa imetazama matokeo yake ya jaribio la kusoma, ikaona yapo chini ya matarajio ya mtaala wa darasa la saba, na sasa ilipendekeza atolewe mkondo wa Kifaransa, ahamie upande wa Kiingereza. Mzazi anakaribishwa Ijumaa saa kumi kasoro robo, aje kutia saini.

Kutia saini, si kujadiliana. Watu wa ofisi ndivyo walivyo; wanakukaribisha karamuni na vyombo vimeshaoshwa.

Aila alikuwa na miaka kumi na miwili, na nusu ya miaka hiyo aliiishi upande wa Kifaransa wa shule yao pale Sudbury, mji wa migodi nchini Kanada. Hesabu za sehemu alizijulia kwa Kifaransa. Volkano, wafalme, mfumo wa damu, vyote vilimwingia kichwani kwa lugha hiyo, na matusi pia, ambayo hakuna aliyemfundisha darasani. Nyumbani hapakuwa na wa kusema naye. Mama yake, Rhonda, aliendesha lori la kubebea mawe ya nikeli mgodini, na Kifaransa chake kiliishia kwenye maandishi ya boksi la nafaka za asubuhi.

"Utatia saini, mama?" Aila aliuliza jioni ile.

Rhonda aliishika barua kwa ncha za vidole. "Mwanangu, mimi hata sijui wanachokufundisha. Nikifungua daftari zako naona kama kuku kakanyaga wino. Wakisema huwezi, nitawabishia kwa lipi?"

"Sema hapana tu."

"Hapana tupu haimtishi mtu mwenye makaratasi."

Aila alipanda chumbani kwake akafunga mlango kwa kishindo. Hakuwa mvivu, na hakuna aliyewahi kusema ni mvivu. Upande ule ndiko alikokulia, wenzake wote wako huko, na sasa mtu asiyemjua hata kwa sura alikuwa amechora mstari juu ya jina lake.

Sasa lazima nikueleze jambo moja kuhusu walimu wa upande wa Kifaransa, maana bila hilo utadhani ninakudanganya. Walimu hawa hawasemi Kiingereza mbele ya mtoto. Hawasemi kabisa! Mtoto wa miaka sita akilia kwamba anataka kwenda msalani, Madame atamtazama kwa huruma nyingi na kumjibu kwa Kifaransa, na watoto wengi humaliza mwaka mzima wakiamini kwamba maskini Madame hajui lugha nyingine. Kufikia darasa la saba mchezo huo umeshajulikana, ila unaendelea kuchezwa, na hakuna aliyeucheza kwa ukali kama Madame Solange Lacasse. Aila aliwahi kumkuta uwanja wa hoki akimtukana mwamuzi kwa Kiingereza safi cha wachimba madini. Madame alipomwona mwanafunzi wake, alimalizia tusi lile kwa Kifaransa bila hata kuvuta pumzi.

Na mwaka huo sheria ilikuwa imekazwa zaidi. Wazazi walilalamika kwamba watoto wanapiga soga kwa Kiingereza huko huko kwenye madarasa ya Kifaransa, na mwalimu mkuu, Bwana Dwyer, akabandika tangazo kila ukuta: ukivuka mlango huu, ni Kifaransa tu, kwa kila mtu, kila wakati. Alilitia saini mwenyewe kwa kalamu nene. Yeye mwenyewe alitokea upande wa Kiingereza, na cha Kifaransa alijua salamu na asante, zote mbili akizitamka kama anatafuna karanga.

Ijumaa ikafika, na theluji ya Februari ilikuwa imefika magotini. Rhonda alitoka zamu moja kwa moja, akavua mabuti mlangoni kama kila mtu, akaingia darasani kwa Madame akiwa na soksi za sufu, moja imetoboka kidoleni. Aliketi kwenye kiti cha mwanafunzi akaficha mguu wenye tundu nyuma ya mwingine. Bwana Dwyer, ambaye ana viatu vya ndani, aliweka fomu juu ya meza na kalamu juu ya fomu.

"Haitatuchukua muda, Bi Hakala," alisema. "Fomu inataka mwalimu akueleze matokeo kwanza, halafu unaweka saini hapo chini. Madame, karibu."

Madame Lacasse alivaa miwani, akafungua faili, akaanza kueleza. Kwa Kifaransa.

Bwana Dwyer alimwacha aseme sentensi mbili. "Madame, samahani. Kwa Kiingereza, leo tu."

Madame aliinua kidole taratibu, akaonyesha tangazo ukutani.

"Aa, lile ni la wanafunzi," Bwana Dwyer alisema, akicheka cheko la mtu aliyeona chupa ikianza kuinama.

Madame akasema neno fupi. Rhonda akamtazama binti yake.

"Anasema mwanafunzi yumo chumbani," Aila alisema. "Mimi."

"Basi Aila atoke nje kidogo."

"Hatoki," Rhonda alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka, ikabidi arudie. "Kesi ni yake, mwalimu. Atakaa."

Bwana Dwyer alitazama saa ya ukutani. Saa kumi na robo alikuwa na mzazi mwingine, na yule alikuwa mkorofi. "Haya, tusipoteze muda. Aila, wewe utafsirie tu, haraka haraka."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini haingii siku ile ile anayochimba. Bwana Dwyer aliharakisha.

Madame alianza upya, na safari hii hakupunguza mwendo hata kidogo. Alizungumza kama anavyozungumza na walimu wenzake wa Hearst, mji wa wasemaji wa Kifaransa alikozaliwa.

"Anasema mtaala unatarajia mtu wa darasa la saba asome maandishi ya aina nyingi kwa ufasaha," Aila alisema. "Anasema mimi sijafika hapo. Niko nyuma sana. Jaribio lilikuwa la kusoma kwa sauti kwa muda uliopimwa, na mimi nilisimama katikati."

"Vizuri," alisema Bwana Dwyer.

Madame akaendelea. Aila akasikiliza, na uso ukamwaka moto. Alijua kinachokuja, kwa sababu barua aliisoma, lakini ni jambo moja kusomewa hukumu yako na jambo lingine kuisoma mwenyewe kwa mdomo wako mbele ya mama yako. Angeweza kuilainisha. Nani angejua? Madame angejua, basi. Akapiga moyo konde.

"Anasema ofisi imeandika hivi, si yeye, ofisi: mwanafunzi hana Kifaransa cha kutosha kumwezesha kufuata masomo."

Rhonda alikuwa ameacha kuitazama fomu. Alikuwa akimtazama Aila, akimtazama mdomo. Miaka sita alilipa nauli ya safari za shule, alifunga vifungo vya makoti, alitia saini kila karatasi iliyokuja kwenye mkoba, na hajawahi hata mara moja kumsikia mwanawe akizungumza na mtu mzima kwa lugha ile. Nyumbani angezungumza na nani, na jokofu?

"Muulize," alisema Bwana Dwyer, "kama amejaribu njia nyingine za kumsaidia, na kama anakubali kwamba kwa hali ilivyo kuhama ndiko kwenye manufaa kwa mtoto."

Aila akamgeukia Madame na swali lile lote likatoka, njia nyingine, hali ilivyo, manufaa, bila kukwama popote. Madame akamjibu kwa kirefu, na Aila akamwacha amalize ndipo akasema.

"Anasema amejaribu, mchana wakati wa chakula, yeye na mimi, na nimesogea kidogo. Anasema mtaala una matarajio manne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Ofisi imepima moja. Anauliza yale mengine yalipimwa lini. Na anasema hakubali, na anaomba hilo liandikwe."

"Nimelisikia," alisema Bwana Dwyer, ila hakuliandika.

"Na hili ni langu, si la Madame," Aila aliongeza. "Kwa Kiingereza pia nasoma polepole. Muulize mwalimu wangu wa Kiingereza. Nikishindwa na huko, mtanihamishia wapi?"

"Upande ule kuna mwalimu wa kusaidia wanaochelewa kusoma, Aila. Huku hayupo."

"Kwa nini hayupo?"

"Hatujamweka."

"Si mumweke!"

"Aila," alisema Rhonda, lakini hakulisema kama mtu anayemkanya mtoto.

Bwana Dwyer alivuta pumzi ndefu kupitia puani. Hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. Alikuwa mtu mwenye ratiba. "Bi Hakala, huu ni uamuzi wa wataalamu. Tumemsikia Madame, mstari wa fomu umetimia. Saini ni hapa." Akasogeza kalamu. "Na wewe Aila, mwambie Madame akuandalie vitabu vyako vya kuhama, kisha umuulize somo la mwisho liwe siku gani."

Aila akaitazama ile fomu.

"Aila?"

"Sitafsiri."

"Nini?"

"Sitafsiri. Barua inasema sina Kifaransa cha kutosha." Machozi yalikuwa karibu na akayarudisha kwa nguvu. "Nisije nikakupotosha bure, mwalimu. Tafuta mwenye nacho."

Rhonda aliangua kicheko. Hakukusudia, kilimtoka kikubwa, kicheko cha mtu aliyezoea kushindana kwa kelele na injini, na kikajaza chumba. Alipokwisha kucheka alikuwa amesimama, soksi yenye tundu hadharani, na wala hakujali. Aliichukua ile fomu akaitelezesha mezani hadi ikagusa tai ya mwalimu mkuu.

"Chukua karatasi yako," alisema. "Mimi sijui Kifaransa, kweli. Lakini lori nalijua, na hili la Kifaransa mwanangu analiendesha kwa gia zote. Saini yangu hupati. Leo hupati, na mwezi ujao usiniite."

"Bi Hakala, ofisi itauliza..."

"Waje waniulize. Waje na mkalimani."

Bwana Dwyer akamgeukia Madame Lacasse. Alimsemesha kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kama watu wazima wanavyosemezana juu ya kichwa cha mtoto. "Solange, tafadhali. Nisaidie hapa."

Madame alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akamjibu. Alimjibu kwa upole, tena kwa tabasamu, sentensi tatu au nne, kwa Kifaransa. Katikati yake mwalimu mkuu aliambulia jina la Aila, na halikumsaidia.

Alimtazama Rhonda, aliyekuwa akifunga zipu ya koti. Alilitazama lile tangazo na saini yake nene. Kisha akaikunja fomu mara mbili, tupu kama ilivyokuja, akaiweka mfuko wa ndani. Saa ilionyesha saa kumi na dakika ishirini, na mlangoni kivuli cha mzazi wa pili kilikuwa kikienda na kurudi.

"Aila," alisema mwishowe, na safari hii aliomba. "Madame amesema nini?"

Aila alimtazama Madame, Madame akaitikia kwa kichwa kumruhusu.

"Amesema Jumatatu nina jaribio la kusoma," alisema Aila. "Humu humu, darasani kwake. Na nisichelewe."