Bahasha ya Kuitwa Mama

Siku Rasmus alipokuja kwetu Nanjing mara ya kwanza, kama mchumba wa binti yangu Yuqing, alileta sanduku la majani ya chai ya bei kali. Nikamwambia, kama mtu yeyote mwenye adabu, kwamba hakuna haja, arudi nalo. Akasema sawa, akaondoka nalo. Baba Yuqing alicheka hadi akakohoa. Mimi sikucheka, ile chai nilikuwa nimeshaitolea macho.

Denmark kwao inaelekea mtu akikataa amekataa. Jumapili iliyofuata nikamkalisha jikoni nikamfundisha. Mtu akikataa zawadi yako, msukumie. Akikupa yeye, kataa, kataa tena, na akizidi kung'ang'ania, mtumbukizie mfukoni mwake ukimbie. Alinisikiliza kama anayesomea urubani. Wiki hiyo hiyo bata wa kupikwa kwa chumvi niliyempa nilimkuta ananing'inia kwenye kitasa cha mlango wetu, na mtu anashuka ngazi mbio. Nikamsifu.

Miaka yote ya uchumba aliniita Bi Xie. Ndivyo inavyotakiwa, neno "mama" linangoja harusi. Bwana harusi anapiga magoti, anatoa chai, anasema "Mama," na mama anampa bahasha nyekundu yenye pesa. Akiipokea, amekuwa mwana. Wifi yangu Qiuyun alikuwa amewatangazia ndugu wote kwamba yule mgeni atachukua mke aende zake, na mimi nitabaki Bi Xie hadi kaburini. Nilitaka kumziba mdomo. Nilitaka pia, nisiseme uongo, kuitwa.

Siku ikafika. Ukumbi umejaa, Qiuyun kakaa kiti cha pembeni yangu. Rasmus akapiga magoti karibu na Yuqing, akanipa kikombe kwa mikono miwili, akasema, "Mama." Matamshi safi. Nikanywa, nikamnyooshea bahasha.

"Hapana, hapana," akasema. "Hakuna haja."

Nikadhani ni haya tu. Nikamsogezea. Akairudisha huku anatabasamu, kama mwanafunzi aliyeona swali alilolisomea. Hapo nikaelewa, lakini mkono wangu ulikuwa umeshatangulia kumbana nayo kifuani, na kwake yeye huko ndiko kung'ang'ania kwenyewe. Akaitumbukiza kwenye mkoba wangu, akainuka, akatoka mbio.

Yuqing akabaki amepiga magoti peke yake.

"Si nilisema?" Qiuyun akamwambia jirani yake, kwa sauti ya kufika jikoni.

Nikavua viatu, nikabeba mkoba, nikamkimbilia. Gauni langu lilikuwa la kubana, lenye mpasuo ambao fundi aliniapia ni wa heshima. Nilipofika kwenye maegesho haukuwa wa heshima tena. Nilimkuta kachuchumaa nyuma ya gari la maua, anahema, amefurahi.

"Nimekimbia vizuri?"

"Vizuri sana, mjinga wewe. Leo hukatai."

"Lakini ulisema..."

"Nilisema zawadi. Hii si zawadi, hii nakulipa kwa kuniita mama. Ukiirudisha, umerudisha na neno lenyewe, na mle ndani wote wanajua hivyo. Unalirudisha?"

Tabasamu likamfutika. Akatikisa kichwa, akanyoosha mikono yote miwili. Kisha akaikunja tena, akauliza kama si afadhali aipokelee ndani, watu waone. Nikaona akili imeanza kumwingia.

Tukarudi, mimi pekupeku, yeye na majani kwenye suti. Akapiga magoti, akaipokea bahasha bila "hapana" hata moja, ukumbi ukapiga makofi. Ikawa zamu ya Qiuyun kutoa bahasha yake. Wifi yangu ana tabia ya kutoa kitu huku amekaza vidole, akitegemea utakataa.

"Chukua, mwanangu," akasema, "ingawa najua nyinyi kwenu hamna mambo haya."

Rasmus akaishika. Qiuyun hakuachia. Wakavutana kidogo, kwa adabu, mpaka vidole vya wifi vikalegea kimoja kimoja.

"Asante, Shangazi," akasema. Kisha akanigeukia, na ukumbi mzima ukasikia: "Mama, hapo nimefanya sawa?"

Nikamwambia asimame, magoti yatamuuma. Hiyo "Mama" ya pili sikuilipia.