Ukuta wa Masikio

Mwalimu Egbert hakijui Kiingereza. Anazijua nahau zake tu, na hizo ndizo anazowalisha watu pale Nyabiyonza kwenye shule yake ya bweni, wazazi wakaondoka wameshiba wasijue walichokula. Ukimsalimia, anakujibu kwa nahau. Ukimwambia paa linavuja, anakupa nahau nyingine. Mimi Ukasha, fundi wa maandishi wa Kayanga, nimemfanyia kazi miaka mitatu na sijapata kumsikia akitoa sentensi mbili za Kiingereza zinazofuatana.

Mwaka huu alirudi kutoka semina ya Bukoba na neno jipya: shule inayosikiliza. Akaniita, akanionyesha ukuta mrefu wa madarasa unaotazama barabara, akanipa karatasi iliyochapwa. Nahau kumi na mbili za Kiingereza, zote za sikio. Kila moja iandikwe kwa herufi kubwa nyekundu, chini yake picha, na kazi iwe imekwisha kabla ya Jumamosi, siku ya wazazi.

"Fundi," akasema, "mzazi atoke Kyerwa huko na pikipiki yake, atupie ukuta jicho moja tu, ajue kwamba hapa mtoto wake anasikilizwa."

Nikasema sawa. Kijiweni Kayanga mdomo wangu ni mkali, kila mtu anaujua. Babu yangu alikuja huku kutoka Pangani na vitambaa vya kuuza, na watu husema vitambaa viliisha lakini ulimi alituachia. Ila mbele ya mtu mwenye kazi ya kunipa, ulimi huo hulala usingizi. Bweni jipya la wasichana lilikuwa linasubiri rangi.

Nikachora masikio. Juu ya mlango wa ofisi yake nikaweka sikio pana la tembo na maneno I am all ears, yaani bwana mkubwa anakusikiliza kwa mwili mzima. Nikachora ukuta wenye masikio, jambo ambalo bibi yangu alilijua bila kukanyaga darasa. Nikachora kijana mwenye maji nyuma ya masikio, eti ndivyo Waingereza wanavyomwita mtu asiye na uzoefu. Masikio yote niliyachora kwa kulitazama langu kwenye kioo cha pikipiki. Ilikuwa kazi ya kipuuzi na niliifanya vizuri.

Jumatano ikafika zamu ya nahau ya tisa, In one ear and out the other. Hiyo hata sisi tunayo, linaingia sikio hili linatokea lile. Egbert akatoka ofisini amemshika mkono msichana wa darasa la nne.

"Huyu ndiye mfano," akasema. "Benitha, wa Nyakatuntu. Mchore yeye mwenyewe, afanane, watu wamtambue. Maneno yaingie huku, yatokee huku."

"Yeye kabisa, Mwalimu?"

"Yeye kabisa. Alikuja darasa la kwanza ana akili, sasa kichwa kimekuwa jiwe. Mkaidi, mvivu, wa mwisho darasani. Jumamosi namkabidhi kwa baba yake mbele ya wazazi wote, arudi nyumbani akapalilie maharage. Wengine watajifunza."

Akacheka, akaenda zake. Mtoto wa miaka kumi afukuzwe mbele ya umati, na uso wake ubaki ukutani, kila lori la ndizi linalopita limwone. Nililifikiria hilo kwa muda wa kufungua kopo la rangi. Halafu nikaendelea.

Nilimsimamisha juu ya tofali, nikajifunga kitambaa mdomoni kwa ajili ya vumbi la msasa. Yeye alikuwa anatazama barabara. Nikamwambia ageukie kulia. Hakugeuka. Nikarudia, nikarudia tena kwa ukali. Hakuna. Nikasema moyoni, kumbe leo Egbert kasema kweli. Nikamwendea nikamvuta sikio.

Alipiga yowe moja, fupi. Vidole vyangu vikatoka vimelowa, nikadhani ni rangi. Ulikuwa usaha, wa njano, unanuka. Nikamgeuza kichwa taratibu nikatazama sikio la pili, nalo lilikuwa hivyo hivyo, usaha umekauka mpaka shavuni. Tangu mwanzo wa wiki nilikuwa nachora masikio, na hilo lilikuwa sikio la kwanza la mtu mwingine kulitazama.

Nikavua kitambaa. "Yanauma tangu lini?"

Hakunitazama machoni, alinitazama midomo. "Tangu mwaka jana, wakati wa mvua," akajibu kwa sauti kubwa mno. "Matroni alisema yatapona."

Nikaenda nyuma yake nikagonga kopo kwa nyundo. Darasa zima likachungulia madirishani, yeye hata bega halikutikisika. Nikarudi mbele, nikafunga tena kitambaa, nikamwuliza jina la mama yake. Akatabasamu, tabasamu la mtoto anayekuomba usimchape. Nikafungua kitambaa, nikauliza tena, akalitaja palepale.

Nikaenda ofisini.

"I am all ears," Egbert akasema, macho kwenye simu, anaandika ujumbe.

Nikamweleza yote, usaha, kopo, kitambaa. Vidole vyake havikusimama.

"Fundi, kila mvivu ana ugonjwa wake. Udaktari umesomea wapi, kwenye makopo ya rangi?"

"Apelekwe hospitali tu, Mwalimu, wamtazame."

"Nitoe mtoto hospitali wiki ya wazazi? Watu waseme shuleni kuna ugonjwa? Baba yake atampeleka anakotaka, baada ya Jumamosi, akishakuwa wake." Akaniinulia macho kwa mara ya kwanza. "Rangi za bweni umeshapanga?"

Nikasema nimeshapanga. Kijani chini, krimu juu.

Nje nilimtukana vizuri sana, kimoyomoyo. Punda aliyefungwa tai. Debe tupu. Na wale walimu wake, wanaompitia mtoto mwaka mzima na fimbo, hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini yule mtoto anatazama midomo. Nilipomaliza kutukana nikaona brashi yangu itatosha kujibu. Nikachora nilichokiona. Benitha akafanana kabisa, na maneno mekundu ya Kiingereza yakawa yanaruka kumwendea, lakini sikuyaingiza. Yaligonga sikio yakaanguka, yakalundikana miguuni pake. Upande wa pili hakukutoka hata herufi. Nilimaliza Ijumaa, nikarudi nyuma hatua tatu, nikajiona mwanamume. Egbert alipita mbiombio, akakagua herufi kama zina kosa, akasema safi.

Jumamosi baba yake Benitha akaja. Elipidius, mkulima wa makamo, koti lake la misa linanuka moshi wa jikoni, begani ana mkungu wa ndizi, zawadi ya mwalimu mkuu. Akauegemeza pale mlangoni chini ya sikio la tembo. Hakuwa ameambiwa kitu. Alidhani amekuja kula pilau na kumwona mwanawe.

Egbert akawapitisha wazazi ukutani, karatasi mkono mmoja, fimbo mkono mwingine. Akisoma nahau, wazazi wanapiga makofi. Nusu yao hawakuelewa chochote na ndio waliopiga kwa nguvu. Wakafika kwenye ya tisa. Benitha alikuwa amesimamishwa chini ya picha yake, sare imepigwa pasi.

"Na huyu, wazazi, ndiye mtoto anayetupotezea muda," Egbert akasema, anaelekeza fimbo nyuma bila kutazama. "Unamfundisha, linaingia hapa, linatokea pale. Leo tunamrudisha kwao."

Wakacheka. Mama mmoja mwenye miwani ya jua alicheka mpaka akaivua afute machozi. Mtoto wa mwenzako anapoaibishwa huhitaji Kiingereza kuelewa.

Elipidius hakucheka. Hakuweza kusoma yale maandishi, kwa hiyo alitazama picha. Nadhani ndiye peke yake aliyeitazama.

"Samahani waitu, Mwalimu," akasema, kwa lile neno la heshima la Kinyambo. "Mbona maneno yanaanguka?"

"Yanatokea sikio la pili, mzee."

"Hapana. Hayajaingia. Yako chini pale."

Egbert akageuka, akaona. Akaipekua karatasi yake kutafuta nahau. Elipidius akazungusha macho mpaka akanipata, mimi mwenye rangi kwenye kucha.

"Wewe ndiye umechora?"

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Yanaanguka kwa nini?"

"Masikio yake yanaoza. Sauti haifiki kabisa. Anasoma midomo ya watu."

Mzee akaenda polepole mpaka nyuma ya binti yake, akamwita kwa Kinyambo, kwa jina la nyumbani, lile la kumwitia chakula. Akamwita tena. Benitha alikuwa anatazama viatu vyake. Mzee akazunguka mbele akapiga goti, na mtoto alipouona ule uso akachangamka.

"Shikamoo, baba!" Sauti ilifika barabarani. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Krismasi nilimwita shambani," mzee akasema, bila kumwambia mtu. "Nilimwita mara tatu. Nikakata fimbo ya mti wa kahawa nikamchapa."

"Mzee wangu," Egbert akaanza, "karibu ofisini tuzungumze, I am..."

Elipidius hakumjali. Alisimama akanijia mimi. Nasema ukweli, nilikuwa nimejiandaa kushukuriwa, mkono wangu ulikuwa umeshaanza kunyooka.

"Ulijua lini?"

"Jumatano."

"Leo Jumamosi."

"Nilimwambia Mwalimu."

"Simu huna?"

Ninayo. Ilikuwa mfukoni, na Benitha namba ya baba yake anaijua kwa kichwa, nilikuja kujua baadaye kwamba aliiandika nyuma ya kila daftari. Na pikipiki yangu, ile yenye kioo, ilishinda pale kivulini siku zote tatu.

"Mtoto anaumwa," mzee akasema, "wewe unamchora."

Akaurudisha mkungu wake begani, akamshika Benitha mkono, wakatoka getini kutafuta usafiri wa hospitali. Nikawakimbilia, nikamwambia nitawapakia wote wawili, bure, sasa hivi. Nikarudia kwa sauti. Hakugeuka, na masikio yake ni mazima.

Nilirudi. Wazazi walikuwa wameingia bwaloni kwenye chai, na yule mama wa miwani alikuwa anasimulia jinsi alivyoshtuka. Egbert alinisubiri chini ya ile picha, jasho linamtiririka mpaka kwenye tai.

"Fundi, futa hiyo kabla hawajatoka. Halafu Jumatatu uanze bweni."

Nilikuwa na matusi ya kumtosha mwaka mzima, yote yalifika ulimini. Nikaenda kuchukua kopo la rangi nyeupe, nikaanzia masikioni.